Toleo jipya la gemu litaijaza mfuko kampuni mama? Piga hesabu mwenyewe

Nauza madaftari, kalamu na vitabu vya shule hapa Moshi, jirani na stendi, na sijawahi kupigana na zimwi lolote. Anayepigana nayo ni mtoto wa kaka yangu. Anasoma Arusha, na Jumamosi jioni yeye na wenzake hukusanyika Njiro kwenye baraza la mmoja wao, wanatupa kete za pande ishirini na kusimuliana habari za mapango na wachawi mpaka jirani anagonga geti. Dungeons & Dragons (kwa kifupi D&D), gemu yao hiyo, ilipoanza kutoa vitabu vyake vipya mwaka 2024, baraza likagawanyika. Wapo waliosema Hasbro, kampuni ya Marekani yenye gemu hiyo, sasa inatajirika. Wapo waliosema hali imeibana na inawakamua wateja wake wa siku zote. Simu ikaja kwangu: "Shikamoo shangazi. Wewe si ndiye msomaji wa ripoti za wanahisa? Tuamulie."

Ni kweli nazisoma. Nina hisa zangu chache za CRDB, na mkutano mkuu unapoitishwa AICC Arusha, napanda Kosta ya alfajiri na ripoti ya mwaka kwenye mkoba, maswali yameshaandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu. Wenzangu wengi hukimbilia ukurasa wa gawio. Mimi huanzia nyuma, kwenye maelezo ya hesabu yenye herufi ndogo, maana ndiko mambo yanakojificha. Tabia hiyo ndiyo utakayoihitaji hapa. Ukiwa na karatasi moja, kalamu, kalkuleta ya simu na ripoti ya mwaka, ambayo kampuni yenyewe inaiweka bure kwenye tovuti yake upande wa wawekezaji, shahada ya uhasibu huihitaji.

Anza na ukoo wa gemu

Juu kabisa ya karatasi andika gemu ni ya nani, na huyo mwenyewe ana nini kingine.

D&D ilitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, chini ya kampuni ndogo iliyoitwa TSR huko Wisconsin, Marekani. TSR ikaja kuelemewa na madeni, na mwaka 1997 ikanunuliwa na Wizards of the Coast, ambao walikuwa wamepata fedha kwa karata za Magic: The Gathering. Miaka miwili baadaye Hasbro ikainunua Wizards. Hasbro hiyo hiyo ndiyo yenye Monopoly, Transformers, Play-Doh, Peppa Pig na vingine chungu nzima. Kwa hiyo anayeuliza kama vitabu vipya vya D&D vitaiinua Hasbro anauliza kama bidhaa moja, ndani ya kitengo kimoja, inaweza kulibeba kampuni lote.

Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, wenye Warhammer, gemu ya vita ya vijisanamu, ni habari nyingine. Warhammer wanaibuni wenyewe, wanaitengeneza kwenye kiwanda chao, wanaiuza kwenye maduka yao yaliyotapakaa duniani, na nyuma yake hakuna biashara nyingine kubwa ya kuegemea. Toleo likidoda pale, hakuna mdoli wa kuwaokoa.

Usibishane kana kwamba kampuni hizi mbili ni sawa.

Tafuta dari kwanza

Fungua ripoti ya Hasbro ya mwaka 2024. Mapato ya kampuni nzima ni kama dola bilioni 4.14. Shuka kwenye vitengo: Wizards pamoja na gemu za kidijitali wameleta kama bilioni 1.51. Humo ndani Magic peke yake ni zaidi kidogo ya bilioni moja, itoe. Toa pia milioni 112 za Monopoly Go!, gemu ya simu ambayo wameitengeneza wengine na Hasbro inalipwa leseni. Kilichobaki hakifiki milioni 400, na D&D imo humo pamoja na leseni nyingine za gemu za kompyuta.

Namba ya D&D peke yake Hasbro haiitoi. Hilo lisikusumbue, na usichukue namba ya mtu aliyeitoa kichwani mwake. Unachotafuta ni dari, yaani kiwango ambacho gemu haiwezi kukivuka. Ukishaipata, mabishano mengi yanakwisha yenyewe.

Sasa piga hesabu ya vitabu. Vikuu ni vitatu: cha mchezaji, cha msimamizi wa mchezo (yule anayesimulia hadithi na kuwaongoza wenzake), na cha mazimwi. Kila kimoja bei ya jalada ni dola 49.99. Mchapishaji hapati bei ya jalada, kwani katika biashara ya vitabu huko kwao karibu nusu hubaki kwa msambazaji na mwenye duka. (Kwenye vitabu vya shule hapa Moshi ningefurahi kubakiwa hata na robo.) Tuseme basi kampuni inapata dola 25 kwa kitabu, na tuwe wakarimu, tuseme kila kitabu kimeuza nakala milioni moja. Hiyo ni mfano wangu wa kupigia hesabu, usije ukaitangaza kama habari.

Kabla hujazidisha kwa tatu, angalia tarehe. Kitabu cha mchezaji kilitoka Septemba 2024, cha msimamizi Novemba, na cha mazimwi Februari 2025. Hasbro inafunga mwaka mwishoni mwa Desemba. Kwa hiyo mwaka 2024 unahesabu vitabu viwili tu: milioni 50. Gawanya kwa bilioni 4.14. Ni asilimia moja na nukta mbili. Ukijifanya vimeuzwa mara mbili ya hapo, bado hufiki asilimia mbili na nusu.

Lakini usiishie kwenye mauzo, maana dola hazifanani. Kitengo cha Wizards mwaka huo kilibakiza kama senti 42 za faida ya uendeshaji kwa kila dola iliyoingia. Wauza midoli hawaioti faida hiyo hata usingizini. Milioni 50 zetu zinageuka kama milioni 21 za faida, kwenye kampuni iliyofunga mwaka na faida halisi ya kama milioni 386. Moja ni kabla ya riba na kodi na nyingine ni baada yake, kwa hiyo usizigawanye na kutangaza asilimia. Tazama ukubwa tu. Si fedha ya kudharau, ila haimtoi mtu kwenye shimo wala haimtumbukizi.

Kuna mfereji mmoja ambao hesabu hii ya vitabu vya karatasi haiuoni. Mwaka 2022 Hasbro ilitoa kama dola milioni 146 kuinunua D&D Beyond, huduma ya mtandaoni ambapo mchezaji ananunua kitabu kikiwa kwenye simu na anaweza kulipia usajili. Kitabu cha aina hiyo hakichapwi, hakipakiwi melini, na hakina mwenye duka wa kugawana naye. Bei inabaki karibu yote nyumbani. Ukitaka kuwapa haki waliosema kampuni inatajirika, rudia hesabu yako ukichukulia nusu ya wanunuzi wamenunua huko, uone namba inavyopanda. Kwa maoni yangu toleo la 2024 lilikuwa na kazi hiyo hasa: kuwasogeza watu kutoka kwenye kitabu cha kununuliwa mara moja hadi mahali wanapolipa kila mwezi. Mtu anayesubiri kuona mlipuko kwenye mauzo ya Novemba anatazama mlango usio wenyewe.

Nani ananunua, na asingenunua angefanya nini?

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Mtaala ulioboreshwa ulipoanza Januari 2024, wazazi walikuja dukani na orodha mkononi, wengine hawakuuliza hata bei. Vya zamani vikabaki rafuni. Mtu angenisimamia siku hizo angesema mwanamke huyu ametajirika. Lakini kila Januari dukani kwangu kuna foleni, mtaala mpya au wa zamani, kwa hiyo swali la mwenye akili ni foleni ya mwaka huo ilizidi ya Januari ya kawaida kwa kiasi gani. Na kwenye gemu liulize hivyo hivyo. Mchezaji aliyenunua kitabu kipya kwa dola 50 huenda angenunua kitabu kingine cha hadithi cha kampuni hiyo hiyo kwa fedha ile ile. Hapo fedha haikuongezeka, imebadilisha mfuko.

Tofauti na wazazi wangu ni kwamba mchezaji halazimishwi na mtu. Hakuna mwalimu wa kumrudisha nyumbani kwa sababu amekuja na toleo la zamani, la 2014. Tena toleo la 2024 lilitengenezwa lipatane na hadithi za toleo lililotangulia. Ni uungwana kwa mteja, lakini pia ni sababu ya mteja kutoharakisha.

Kisha hesabu vichwa vinavyolipa, usihesabu vichwa vinavyocheza. Njiro wapo sita na kitabu ni kimoja, kilichokuja kwenye begi la ndugu wa mmoja wao kutoka Nairobi. Wengine wanasoma kanuni za msingi ambazo kampuni yenyewe imeziweka bure mtandaoni. Hawa si wezi, ndivyo mchezo ulivyo. Mwishoni mwa 2022 viongozi wa Wizards walisema wenyewe kwamba wasimamizi wa mchezo ni kama asilimia 20 ya wachezaji lakini ndio wanaobeba sehemu kubwa ya manunuzi, na kwamba fedha inayotoka kwenye gemu hii bado ni ndogo kulinganisha na jina lake. Ukiona mtu anaandika "wachezaji milioni kadhaa mara dola 50", funga ukurasa.

Kauli hiyo ya viongozi ilifuatiwa na kisa cha kujifunzia. Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya iliyotaka kuwabana watu wengine wanaochapisha vitabu kwa kutumia kanuni za D&D. Wachezaji wakakasirika, wakaanza kufuta usajili wao wa D&D Beyond, na ilipofika tarehe 27 ya mwezi huo huo kampuni ikasalimu amri na kuziachia kanuni za msingi chini ya leseni huria ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuzitumia. Mteja wa gemu ana mahali pa kukimbilia. Mwaka 2008 lilipotoka toleo la nne, lililobadilisha mambo mengi, kampuni ya Paizo ilizichukua kanuni za toleo lililotangulia, ambazo leseni yake ilikuwa wazi, na mwaka 2009 ikatoa Pathfinder. Waliolipenda la zamani wakahamia huko na pochi zao.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako andika: asiyelitaka toleo jipya ataenda wapi? Akibaki na la zamani, kampuni haipati kitu. Akienda kwa mshindani, kampuni imepoteza na kesho yake.

Jambo la mwisho kuhusu wanunuzi, na hili nalisema kama mwenye duka. Msambazaji akinishushia maboksi kumi, kwake hayo yameshakuwa mauzo. Mimi sijauza hata kitabu kimoja. TSR iliyajua haya kwa uchungu. Vitabu vyake vilipitia Random House kwenda kwenye maduka, na mwaka 1996 mzigo mkubwa usiouzika ukarudi, nayo ikawa haina fedha ya kurudisha. Ukiona mapato yameruka kwenye robo ya mwaka ambayo toleo limetoka, fungua mizania utazame bidhaa zilizo stoo na fedha zinazodaiwa kwa wateja. Zikiwa zimepanda kwa kasi kuliko mauzo, subiri robo mbili kabla ya kushangilia.

Pale ambapo toleo linaonekana kwa macho

Warhammer 40,000 ni mahali pazuri pa kujipima, kwa kuwa hakuna midoli wala filamu kubwa ya kuchanganya hesabu. Gemu hiyo imekuwa ikipata toleo jipya kila baada ya miaka mitatu: Juni 2017, Julai 2020, Juni 2023. Na kwa Games Workshop kitabu cha kanuni si ndicho kinachowalisha. Fedha ipo kwenye vijisanamu vya plastiki, ambavyo mchezaji hujenga jeshi zima, akavipaka rangi, kisha akaanza jeshi la pili. Toleo jipya ni sababu ya kununua jeshi jingine.

Toleo la nane, lile la 2017, limeacha alama ambayo hata asiye mhasibu ataiona. Mapato yalitoka kama pauni milioni 158 katika mwaka ulioishia Mei 2017 hadi kama milioni 220 mwaka uliofuata, na faida kabla ya kodi ikakaribia mara mbili. Kampuni ilikuwa imeshaanza kuinuka kabla ya hapo, lakini huwezi kuliondoa toleo kwenye simulizi hiyo.

Sasa njoo kwenye toleo la kumi, Juni 2023. Mapato ya bidhaa zenyewe, ukiacha leseni, yalipanda kutoka pauni milioni 445.4 hadi 494.7. Asilimia 11, vizuri. Lakini soma herufi ndogo: mwaka huo wa hesabu ulikuwa na wiki 53, na uliotangulia 52. Gawanya kila mwaka kwa wiki zake, utaona ongezeko la kweli ni kama asilimia 9. Halafu angalia mwaka uliofuata, ulioishia tarehe 1 Juni 2025, ambao haukuwa na toleo jipya la gemu hiyo kubwa kuliko zote. Mapato ya bidhaa yakafika milioni 565. Kwa hesabu ya wiki hiyo hiyo, ni ongezeko la kama asilimia 16. Mwaka usio na toleo la 40,000 umeushinda mwaka wenye toleo!

Mtoto wa kaka yangu alipoona hizo namba akasema basi toleo halina maana. Hapana, baba. Julai 2024 gemu yao ya pili, Age of Sigmar, ilipata toleo la nne. Septemba ikatoka gemu ya kompyuta ya Space Marine 2, na mapato ya leseni yakapanda kutoka milioni 31 hadi 52.5, achilia mbali watu walioijua Warhammer kupitia kompyuta halafu wakaingia dukani. Na walioanza jeshi lao na toleo la 2023 hawakuacha kununua Krismasi ilipopita. Toleo huingiza watu, na matunda yake mengine huvunwa kwenye hesabu ya mwaka unaofuata.

Usilipe toleo sifa ya kazi ya mwingine

Rudi kwa Hasbro. Mwaka 2023 ilipata hasara ya kama dola bilioni 1.49. Mwaka 2024 ikapata ile faida ya milioni 386. Katikati kuna toleo jipya la D&D. Mtu mvivu anachora mstari na kusema vitabu vimeiokoa kampuni. Hasara ile kwa sehemu kubwa ilitokana na kushusha thamani ya mali kwenye vitabu vya hesabu, hasa upande wa filamu na televisheni wa eOne, ambao uliuzwa kwa Lionsgate mwishoni mwa 2023. Haikuhusiana na kete wala mazimwi.

Mvivu wa upande wa pili naye ana lake: mapato yameshuka kutoka bilioni 5.00 hadi 4.14, kwa hiyo toleo limefeli. Mauzo ya eOne hayamo tena kwenye mwaka wa pili. Ukiyaondoa kwenye miaka yote miwili, mshuko unabaki kama asilimia 7, na huo nao mzigo wake mkubwa uko kwenye wanasesere na bidhaa za watoto.

Na kuna Baldur's Gate 3. Gemu hiyo ya kompyuta, ya studio ya Larian ya Ubelgiji, ilitoka Agosti 2023 ikiwa na leseni ya D&D, na malipo yake yaliiinua Wizards mwaka huo. Kitabu cha mchezaji kilipotoka Septemba 2024, robo yake ikalinganishwa na robo ya Baldur's Gate. Toleo zuri linaweza kuonekana dhaifu kwa sababu tu limesimama kando ya jitu.

Kwa hiyo nilimjibu hivi: kwa Hasbro, toleo la D&D linasaidia, ila Magic ikipiga chafya wiki moja, msaada wote huo hauonekani. Waliosema inatajirika wamezidisha. Waliosema imebanwa inakamua, nao walitazama hasara ya eOne wakadhani ni ya D&D. Kwa Games Workshop toleo ni tukio la kifedha, na ukilipuuza utaisoma kampuni vibaya.

Ukitaka kulifuatilia toleo lolote kuanzia sasa, chora safu nne: mwaka kabla ya toleo, mwaka wa toleo, na miwili inayofuata. Kwa kila mwaka andika idadi ya wiki, mapato ya kitengo, faida ya uendeshaji ya kitengo, leseni peke yake, na bidhaa zilizo stoo. Chini acha nafasi ya kuandika kilichouzwa, kilichonunuliwa na gemu ya kompyuta iliyotoka mwaka huo. Hesabu za mwaka za Hasbro hutoka Februari, za Games Workshop mwishoni mwa Julai, na safu ya nne ndiyo ambayo wengi hawana subira ya kuijaza.